Siku tuliyotia magadi kwenye tanuru

Nimefanya kazi ya kuyeyusha chuma miaka tisa hapa Arusha, karakana yetu iko upande wa Unga Limited, jina silitaji maana bosi bado yupo na bado tunabishana nani anamdai mwenzie siku mbili za likizo. Tanuru letu ni la umeme, lile la koili, linabeba kilo 300 tu. Watu wakisikia tanuru la umeme wanawaza mitambo mikubwa, jamani ni kama sufuria refu lililozungushiwa bomba la shaba, ndani ya bomba yanapita maji ya kupoza, ndani ya sufuria kuna ukuta wa mchanga wa silika ulioshindiliwa na kuchomwa mpaka ukakauka kama jiwe, ukiwasha umeme hakuna mwali hakuna moshi wa mkaa, chuma chenyewe ndo kinapata moto kwa ndani mpaka kinalainika kinakuwa uji mweupe unaoumiza macho. Kati ya huo uji na maji ya kupoza pana unene wa vidole vinne vya mkono wangu. Ukilijua hilo hutalala fofofo kwenye shifti ya usiku.

Msimamizi wetu alikuwa mzee mmoja Mpare wa Ugweno, sisi wote tulimwita Mzee tu. Alikuwa anajisifu kwamba yeye ni Mshana, ukoo wa wahunzi, babu zake waliyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga mweusi kwa mkaa na mivukuto, Wachaga wakawa wanakuja kununua kwao. Mwanzoni niliona ni hadithi za wazee, baadaye ndo nikajua Washana wanajulikana kabisa kwa kazi hiyo. Sasa huyu mzee ana mkono, yaani anaangalia rangi ya chuma kupitia kioo cheusi anakwambia hiki bado nyuzi hamsini, unachomeka kipimajoto unakuta kweli.

Mwanzoni mwa 2022 tukapata oda ya gia. Mteja ana mashine ya kusaga kokoto upande wa Moshi, gia zake zilikuwa zinang'oka meno kila baada ya miezi michache, akataka chuma kigumu lakini kinachovumilia kupigwa. Dawa yake ni nikeli, kama asilimia 1.8, na kromu kidogo kwenye 0.8 hivi. Kwa mpiko wa kilo 300 hiyo ni kilo tano na nusu za nikeli. Sisi nikeli tupu hatununui, ni ghali, tunanunua ferronikeli, ni vidonge vya kijivu vya kila umbo, vingine kama kunde vingine kama tone lililopigwa kofi, robo yake nikeli na kilichobaki karibu chote chuma. Kwa hiyo unatia kilo 22 hivi kila mpiko.

Na nikeli ina raha yake. Manganizi na kromu ukizitia mapema zinaungua, zinaishia juu kwenye mavi ya chuma unayakwangua unatupa na hela yako humo humo. Nikeli haina ugomvi na hewa, unaitupa mwanzoni kabisa pamoja na skrepa, mwisho ukipima ipo karibu yote. Kila gunia la vile vidonge lilikuja na karatasi ya vipimo, nikeli kiasi gani, kaboni, silikoni, salfa, fosforasi, na hizo mbili za mwisho zilikuwa na sifuri nyingi kabla ya namba. Ile karatasi mimi nilikuwa nafungia karanga. Niseme ukweli.

Mipiko mitatu ya kwanza ikaenda vizuri, mteja akafurahi akaagiza zaidi. Halafu ikaingia Machi. Si mnakumbuka vita ya Ukraine ilivyoanza, sisi tukawa tunaangalia bei ya mafuta ya kula na petroli, hakuna aliyefikiria nikeli, kumbe Urusi ni wauzaji wakubwa na kuna watu huko soko la London walikuwa wamejifunga kwa kubashiri bei itashuka. Tarehe 8 Machi bei ya tani moja ikapita dola 100,000, wakati mwanzo wa mwaka ilikuwa elfu 20 na ushee, mpaka soko lenyewe likasimamisha biashara. Ferronikeli inauzwa kwa kuhesabu nikeli iliyomo, kwa hiyo yule jamaa wa Dar anayetuuzia akaacha kupokea simu kabisa. Stoo tulikuwa na kilo 24. Oda ilikuwa ya mipiko miwili.

Hapo ndo bosi akaja na akili. Akasema jamani, stenlesi si ina nikeli? Sufuria, vijiko, masinki ya jikoni, yote si yanauzwa huko mtaani kama skrepa? Na kweli stenlesi ya kawaida ina nikeli asilimia 8 na kromu 18. Tugawanye vidonge nusu kwa nusu, nusu inayobaki tuitafute kwenye stenlesi. Mzee akasema kromu itazidi. Bosi akasema itazidi kidogo. Ikaishia hapo, mwenye mali kasema.

Nikapewa sumaku na pikipiki. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba stenlesi ikikamata sumaku haina nikeli, isipokamata inayo. Nikazunguka Mbauda, nikazunguka Kilombero kwa akina mama wa vyombo na machalii wanaokusanya chuma chakavu, nafika nasema shikamoo mama, natoa sumaku nagusa sufuria, inaanguka, nanunua. Wengine walidhani nimerogwa. Ndani ya siku mbili nilikuwa na kilo zaidi ya thelathini za sufuria zilizotoboka, vijiko, mabakuli, kila kitu hakikamati sumaku hata kidogo, nikajiona mjanja wa mji.

Tukapika. Gia zikatoka nzuri kwa macho. Bosi akapeleka kipande Dar kikapimwe, majibu yakarudi nikeli 1.3 na manganizi juu kuliko tulivyotia. Tukakuna vichwa. Mimi nilidhani mashine yao mbovu. Kumbe kuna stenlesi nyingine ya bei rahisi, wenyewe huiita 201, waliotengeneza wamepunguza nikeli mpaka nne au tano wakajazia manganizi sita au saba, na manganizi nayo inaizuia sumaku isikamate vilevile. Vyombo vingi vya bei chee ndo hivyo. Sumaku haikunidanganya, mimi ndo niliiuliza swali ambalo haiwezi kujibu. Yale mameno ya gia yalikaa ila hayakukaa muda tuliomwahidi mteja.

Mpiko wa pili bosi akasema basi achaneni na vyombo vya mama ntilie, akapata makapi ya kukereza kutoka karakana moja inayotengeneza vipuri vya stenlesi, zile nyuzi za chuma zilizojikunja kama nywele za mtoto, mifuko minne, mwenye nayo akaapa hii ni nikeli nane safi. Na alikuwa mkweli, nikeli ilikuwepo. Shida ni vilivyokuja nayo.

Kwanza ni maji. Makapi ya kukereza yanakuja na yale maji meupe ya kupozea kisu, yamejificha kwenye mikunjo. Juu unashika pakavu, kati ya mfuko pameloa. Mimi ndo nilikuwa natia. Chuma kilishakuwa uji nusu tanuru, nikatupa konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu ikazama na maji yake. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya kama lita 1,700, na ikiwa iko chini ya chuma cha nyuzi 1,600 inaitafuta hiyo nafasi kwa sekunde isiyofika. Nilisikia pu, sio mlio mkubwa, nikaona nyota zinapanda mpaka kwenye mabati. Moja ilipita kati ya kofia na kola ikakaa shingoni. Hilo kovu ninalo, mke wangu anasema linafanana na ramani ya Zanzibar. Mzee alizima umeme akanivuta kwa ukosi akanitukana Kipare chote anachokijua halafu akanipaka asali, mimi sishauri asali, kwa sasa najua ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa muda mrefu na kwenda hospitali.

Tukamalizia mpiko kwa makapi tuliyoyakaanga kwanza juu ya bati la moto. Tukamwaga. Kesho yake kubomoa kalibu tunakuta gia mbili kati ya tatu zina nyufa, sio nyufa za juu, ni nyufa zinazopita pale jino linapoungana na mwili, ndani ukivunja rangi yake nyeusi, maana yake zilipasuka wakati bado ni za moto. Mzee akanusa kile kipande, kweli alinusa, akasema hii ni salfa.

Alikuwa sahihi na wala hakuhitaji mashine ya kupimia. Kuna stenlesi ambayo wametia salfa makusudi, asilimia 0.15 au zaidi, ili ikikerezwa iwe laini na makapi yakatike vizuri kisu kisichoke. Kwa mkerezaji ni neema. Halafu na mafuta mengine ya kukatia nayo yana salfa. Ikiingia kwenye chuma haiungui kirahisi ikatoka, inabaki, chuma kinapoganda salfa inasukumwa pembeni pembeni mwa chembe, inabaki kimiminika wakati vingine vyote vimeshakuwa vigumu. Na kwenye nikeli ni mbaya zaidi, mchanganyiko wa nikeli na salfa unabaki uji mpaka karibu nyuzi 640. Yaani gia inasinyaa ikipoa, inajivuta, na ndani kuna utando ambao bado ni uji. Itaacha kupasuka?

Sasa ndo tunafika kwenye magadi.

Tulivunja zile gia tukazirudisha tanuruni, kilo 300 za chuma chenye nikeli ya bei ya vita, bosi hakutaka kusikia habari ya kutupa. Mzee alikuwa amesikia zamani, sijui kwa Wajerumani gani aliowahi kufanya nao kazi, kwamba salfa inatolewa na soda. Na soda ni nini kama sio magadi? Hapa kwetu magadi tumelala nayo mlango mmoja, Ziwa Natron pale, kila mama anayepika makande anayo jikoni. Akamtuma chalii sokoni akarudi na kilo tano. Mimi sikupinga, nilikuwa na bandeji shingoni na nilikuwa namwamini yule mzee kuliko kitabu.

Chuma kilipokuwa tayari akatia konzi moja. Kikachemka kama maziwa yanayomwagika, maana magadi ya ziwani yana maji na gesi ndani yake, hayajachomwa. Akangoja kikatulia, akatia nyingine. Juu pakawa na majimaji ya kung'aa kama glasi, meusi, mepesi, yanazunguka kwenye kingo. Mzee akafurahi, akasema yanafanya kazi. Yalikuwa yanafanya kazi kweli ila sio tuliyoyatuma, kwa sababu soda ukiichanganya na silika kwenye moto unapata glasi, hiyo ndo njia glasi inavyotengenezwa dunia nzima, na silika ndo ukuta wa tanuru letu. Tulikuwa tunapika glasi kwa kutumia ukuta unaotutenganisha na maji.

Aliyegundua ni chalii wa kwenye paneli, kijana wa Ngaramtoni, akapiga kelele, "Mzee, mbona umeme unapanda wenyewe?" Hajagusa kitu na sindano inapanda. Ukuta ukiwa mwembamba chuma kinasogea karibu na koili, tanuru linavuta nguvu zaidi. Sijamaliza kulielewa hilo taa ya kuonya kwamba umeme unavuja kwenda ardhini ikawaka nyekundu. Sijawahi kumwona Mzee akikimbia kabla ya siku ile. Tukapindua tanuru tukamwaga chuma chote kwenye shimo la mchanga mkavu, kilo 300, hakuna kalibu hakuna nini, watu wamesimama ukutani. Likawa bonge moja kama ng'ombe aliyelala. Tulipochungulia ndani usawa wa pale juu palipokaa magadi, vidole vinne vilikuwa vimebaki viwili na sehemu moja kimoja na nusu.

Hatukulala. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Kijana wangu, babu zangu walikuwa na mchanga wa mto mmoja, wanaujua tangu utotoni. Mimi napika nisichokijua." Akanyamaza mpaka asubuhi.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na yule injinia anayetuuzia mchanga wa ukuta akawa ananitumia sauti ndefu ndefu WhatsApp, Mungu ambariki. Nikarudi kwenye vile vidonge vyangu. Vinatoka kwenye udongo wanaouchimba Indonesia au Kaledonia Mpya, kisiwa cha Pasifiki, na ni udongo wa kutu, wa nchi za mvua na joto, nikeli iliyomo ni kama asilimia mbili tu, na theluthi nzima ya uzito inaweza kuwa maji. Unakaushwa, unapita kwenye pipa refu linalozunguka kwenye moto wa nyuzi mia nane mia tisa, ndo unaingia tanuru la elektrodi. Kaledonia Mpya pale Doniambo wanayeyusha tangu 1910. Ndani kinachobaki zaidi ni mavi ya chuma, mlima wa mavi, chini kabisa kinakaa chuma kidogo chenye nikeli. Na kiasi cha kaboni wanakipima kwa makusudi, kwa kuwa nikeli inakubali kuachana na oksijeni kirahisi kuliko chuma chenyewe, basi wanaipa mkaa wa kuitoshea nikeli yote na chuma kiasi, kingine wanakiacha kiende na mavi. Nilimsimulia Mzee hiyo akacheka, akasema hata kwenye mivukuto ukizidisha mkaa unaharibu.

Lakini kinachotoka hapo bado ni kichafu, kina salfa ya makaa ya mawe, kina fosforasi, silikoni. Hapo ndo kazi ya pili inaanza, na haifanyiki mle mle tanuruni, inafanyika kwenye ndoo kubwa zenye matofali ya magnesia au dolomiti, matofali ambayo soda na chokaa hazili kama magadi yalivyokula silika yetu. Kuna utaratibu wake. Salfa inatolewa wakati hakuna oksijeni, kwa soda iliyochomwa au kabaidi, huku chuma kinakorogwa, halafu yale mavi yanakwanguliwa yote. Yote kabisa. Fosforasi ni kinyume, yenyewe inataka oksijeni na chokaa, kwa hiyo inapulizwa oksijeni, silikoni inaungua kwanza, inafuata kaboni, fosforasi inashikwa na chokaa, na hayo mavi nayo ukiyaacha juu halafu mazingira yakabadilika fosforasi inarudi chumani kama mume aliyefukuzwa. Sisi tulitaka kufanya yote hayo kwa konzi mbili za magadi ya makande. Tanuru letu linayeyusha, halisafishi. Ulichotia ndicho utakachomwaga.

Kitu kimoja kilinichanganya kwa wiki nzima. Mwisho wa yote wale wenzetu wanamwaga ferronikeli kwenye maji ili igeuke vidonge. Kwenye maji! Mimi mwenye ramani ya Zanzibar shingoni nikasema hawa wana wazimu. Injinia akanielewesha kwamba chuma kidogo kinachoanguka kwenye maji mengi kinapoa tu, balaa ni maji madogo yakinaswa chini ya chuma kingi.

Watu wakijua nafanya kazi hii wananiuliza kuhusu Kabanga, kwamba nikeli yetu ya Ngara itakuja lini tuyeyushe hapa. Nawaambia ile ya Kabanga nikeli yake imekaa pamoja na salfa tangu kwenye mwamba, sio udongo wa kutu, njia yake ni nyingine kabisa na vidonge hivi havitoki kule. Wanaona nabana. Basi.

Ukuta tuliushindilia upya, siku tatu za kushindilia na kuuchoma polepole. Lile bonge bosi aliliuza kama skrepa kwa hasira na sijui liko kwenye nyumba ya nani sasa hivi kama nondo. Mteja wa kokoto alingoja mpaka bei ikashuka kidogo tukapata vidonge, tukampa gia zake, zile za mwisho zilikaa. Mzee alistaafu mwaka uliofuata akarudi Ugweno, ana ndizi na ng'ombe wawili, nikimpigia simu swali lake la kwanza ni moja tu, "Makapi mmeyakausha?" Tunayakausha. Karatasi za vipimo ninazo zote kwenye faili tangu siku ile na karanga nafungia gazeti.

Sumaku bado natembea nayo mfukoni kwa mazoea. Majuzi nilikuwa Kilombero natafuta sufuria la nyumbani, mama mmoja wa vyombo akanikumbuka kutoka mbali, akaanza kucheka kabla sijasalimia, akasema baba leo nitoboe ngapi kabisa ndo ununue? Nikachukua moja zima, halikamati sumaku, na mpaka leo sijui ni nane au nne.